Barua ya wazi kwa Meya wa Lexington, Kentucky: sensa ya 2030 isitupite

Mheshimiwa Meya,

Salamu. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, nikiamini ofisini kwako hakukosi wa kukufasiria.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 322,570 Lexington, kutoka 295,803 mwaka 2010. Katika ongezeko hilo tumo Wakongo, ila ukifungua takwimu za jumla hutuoni. Kwenye majedwali makuu ya rangi tumemezwa na Weusi wote. Lugha sensa haikuuliza. Utafiti wa kila mwaka wa Idara ya Sensa ya Marekani huuliza, lakini katika jedwali lake fupi Kiswahili kimetiwa kwenye "nyinginezo". Shule zako zinakijua vizuri, maana ni miongoni mwa lugha kubwa za nyumbani baada ya Kihispania.

Hayo yanavumilika. Kinachonikera ni wale ambao hata hesabu ya jumla haikuwapata. Wengi wetu tumepitia kambi za wakimbizi, Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, au Nakivale, Uganda. Kambini kuhesabiwa ndiko kula: siku ya uhakiki hata mgonjwa hubebwa hadi kwenye foleni, kwani jina likikosekana mgao unapungua. Watu hao hao wakifika hapa, fomu ikiuliza nyumbani mnaishi wangapi, wanajibu wanne. Mkataba wa nyumba unasema wanne. Shangazi na wanawe wawili waliofika majuzi hawamo kwenye mkataba, basi hawamo mjini. Mwenye nyumba anaogopwa kuliko serikali!

Idara yenyewe ilikadiria kwamba nchi nzima sensa ile ilipunguza hesabu ya Weusi kwa asilimia 3.3, na ya watoto wa chini ya miaka mitano kwa zaidi ya asilimia 5. Watoto wetu wako pande zote mbili.

Sheria inakataza majibu ya sensa kupewa mwenye nyumba, polisi au uhamiaji. Nani alitueleza? Mwaka 2020 fomu ya intaneti ilijazwa kwa Kiingereza na lugha nyingine 12, Kiswahili hakimo. Tulipewa mwongozo tu, wa maandishi na wa video mtandaoni, na bibi asiyejua kusoma wala kuingia mtandaoni angeufanyia nini?

Mheshimiwa, siku ya sensa ni Aprili 1, 2030. Unda kamati ya jiji mapema, uwaweke humo wachungaji wetu, kina mama wanaosikilizwa, na vijana wa zamu za usiku maghalani. Waseme kwa mdomo, ibada ikiisha, kwamba shangazi akiandikwa mwenye nyumba hapelekewi habari. Takwimu za lugha za shuleni zichapishwe mwaka huu, bila kungoja sensa.

Wako,
Mkazi wa Lexington