Wito wa Harambee: Mfuko wa Matibabu ya Vijana Waliochelewa Kubalehe

Kwa wazazi, walezi na marafiki wote wa kikundi chetu,

Tunachangisha fedha kwa ajili ya vijana ambao miili yao haijaanza kubadilika ilhali wenzao wameshaota ndevu au kuvunja ungo. Tuseme mapema: ahadi ndogo ya kila mwezi, isiyokatika, inatufaa kuliko bahasha nono ya siku moja. Sababu ni ya kitabibu, na anayetoa fedha yake ana haki ya kuijua.

Kuchelewa kuna mipaka yake. Msichana aliyefika miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti, au miaka 15 bila hedhi, achunguzwe. Mvulana achunguzwe akifika miaka 14 na korodani hazijaanza kukua. Nywele za kwapani na harufu ya jasho zisimdanganye mtu. Hizo huletwa na tezi zilizo juu ya figo, na zinaweza kutokea huku kubalehe kwenyewe bado.

Kwa mvulana, kifaa cha kwanza ni uzi wenye shanga 12, ndogo kabisa ikiwa na ujazo wa mililita 1 na kubwa mililita 25. Mhudumu hupapasa korodani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hutafuta shanga inayolingana nayo. Ikilingana na ile ya mililita 4, kubalehe kumeanza, hata kama sauti bado ni ya kitoto. Kifaa hiki hakitaki umeme wala kemikali, na ndicho cha kwanza kwenye orodha yetu ya manunuzi, pamoja na kipimo cha kimo cha kubandika ukutani. Kijana hupimwa bila viatu, visigino vikigusa ukuta, kisha namba inaandikwa kwenye chati. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Kinachotafutwa ni kasi ya kukua, kwa hiyo anarudi kupimwa kila baada ya miezi 3 hadi 6.

Hapo ndipo fedha zinapoanza kwenda. Inahitajika picha ya eksirei ya mkono wa kushoto, kiganja na kifundo chake, ili kujua umri wa mifupa. Kijana wa miaka 14 mwenye mifupa ya miaka 11 bado ana nafasi ya kurefuka, na mara nyingi ni mchelewaji tu kama alivyokuwa baba au mama yake. Vinahitajika pia vipimo vya damu: homoni mbili za pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, zinazoamsha korodani na ovari, kisha testosteroni (homoni ya kiume) au estrojeni (homoni ya kike), homoni ya tezi ya shingo na prolaktini, homoni inayochochea maziwa. Zile mbili za pituitari zikiwa juu, ubongo unaagiza lakini korodani au ovari hazijibu. Kwa msichana mfupi hali hiyo hutulazimu kupima kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, kwa kuwa huenda moja ya X haipo au ina kasoro. Zikiwa chini, tatizo linaweza kuwa kwenye pituitari, au kijana bado hajafikiwa na zamu yake. Hali hizo mbili hufanana sana kwenye karatasi ya majibu, na wakati mwingine muda tu ndio huzitenganisha. Swali la bure linalosaidia ni hili: anasikia harufu? Asiyesikia harufu tangu kuzaliwa, na hajabalehe, tunamshuku upungufu wa kudumu wa homoni. Utapiamlo, seli mundu na maradhi mengine ya muda mrefu navyo huchelewesha kubalehe, na hapo tiba ni ya ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mchango wenu itatumika kumjua nani asubiri na nani atibiwe. Tunajua wachangiaji hupenda kuona dawa. Lakini dawa kabla ya vipimo ni hasara mara mbili.

Kwa mvulana, tiba ya kuanzia kwa kawaida ni testosteroni ya mafuta, miligramu 50 kwa mwezi, kwa miezi 3 hadi 6, ichomwe kwenye msuli. Vichupa vingi vina miligramu 250 ndani ya mililita 1. Dozi yake basi ni mililita 0.2, tone dogo chini ya bomba, na anayemwaga kichupa kizima amempa kijana mara tano ya kipimo. Homoni ikizidi, ncha za mifupa hufunga mapema na kimo kinaishia hapo. Tutanunua mabomba ya mililita 1 na sindano za aina mbili, nene ya kuvutia mafuta na nyembamba ya kuchomea. Kinachobaki kwenye kichupa kilichovunjwa hutupwa. Inauma kuandika hivyo kwenye bajeti, ila ndivyo ilivyo.

Msichana huanza na estrojeni kidogo sana, mara nyingi robo ya plasta ya dawa, ya kubandika kwenye ngozi, ya mikrogramu 25. Ikatwe ile ambayo dawa imechanganywa na gundi, kamwe si ile yenye kifuko cha maji ya dawa. Dozi hupandishwa taratibu kwa miaka 2 hadi 3, na projesteroni, homoni nyingine ya kike, huongezwa baadaye. Vidonge vya uzazi wa mpango si mbadala wa kuanzia, maana estrojeni yake ni nyingi mno kwa mwili ambao haujaanza.

Mwenye upungufu wa kudumu ataendelea na homoni kwa miaka mingi. Dawa ikikatika, mifupa hudhoofika na maendeleo husimama. Ndiyo maana tunaomba ahadi za mwezi.

Wapo wachache ambao pituitari yao imeshindwa kazi nyingi kwa pamoja. Hao tunawapa kipaumbele, kwa sababu upungufu wa kortisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa, huua. Kortisoli hurudishwa kwanza, ndipo homoni ya tezi ya shingo. Ukigeuza mpangilio unaweza kumwangusha mgonjwa. Akipata homa, dozi ya haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la kortisoli, huongezwa mara mbili au tatu. Akitapika asiweze kumeza, achomwe sindano, miligramu 100 kwa kijana mkubwa, kisha akimbizwe hospitalini. Kila mmoja wao atapewa sindano hiyo ya akiba na kadi ya maelezo.

Wanaotumia homoni ya ukuaji wanahitaji friji ya nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda imekwisha, hata kama bado ni angavu, kwa hiyo isigusane na ukuta wa nyuma wa friji.

Hakuna kijana atakayesimamishwa jukwaani siku ya harambee, wala kupigwa picha. Hatupokei dawa zilizobaki majumbani, wala unga wa kujenga misuli.

Kadi za ahadi ziko kwa mhazini, na kila mchango una risiti. Hesabu zitasomwa kila baada ya miezi 3 mbele ya wanachama. Asiye na fedha lakini ana gari, tunamhitaji kuwapeleka vijana maabara: damu ya testosteroni hutolewa asubuhi, kabla ya saa 4, kwa kuwa baadaye kiwango hushuka na majibu hupotosha.