Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Upepo, Nguzo na Watu wa Juu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulishika swali moja: jengo refu sana linaukabili vipi upepo, na aliye ndani anaishije huko juu? Hesabu mtasomewa na mhazini, kwa hiyo naingia kwenye kazi.

Kikao kilichonikaa moyoni ni kile cha modeli za kadibodi. Mwenzetu aliweka mnara wa pembe nne mbele ya feni, akabandika nyuzi za pamba mgongoni mwake. Nyuzi zikapepea kushoto, kulia, kushoto, kwa mpigo mmoja. Ndivyo vimbunga vidogo vya upepo vinavyolivuta jengo huku na huku. Akashika kisu, akazichonga pembe zote mfano wa ngazi, akawasha feni tena. Nyuzi zikatulia, na ukumbi mzima ukanyamaza. Taipei 101, mnara wa Taiwan wenye mita 508, ulichongwa pembe vivyo hivyo, mzigo wa upepo ukapungua kwa takriban robo. Hata hivyo, karibu na kilele limening'inizwa tufe la chuma la tani 660 kupunguza kuyumba.

Tulipitia pia kazi ya mhandisi Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka, aliyeufanya ukuta wa nje ubebe jengo. Sears Tower ya Chicago, ambayo sasa inaitwa Willis Tower, mita 442, ni mirija tisa, yaani minara yenye kuta zinazobeba mzigo, iliyofungwa pamoja. Saba inaishia njiani, miwili tu inafika juu. Burj Khalifa ya Dubai, mita 828, ina mabawa matatu yanayokiegemeza kiini cha zege, na kila bawa hupunguzwa kwenye kimo tofauti na mengine, ili upepo usikute umbo lilelile kutoka chini hadi juu.

Nina dukuduku moja. Katika michoro mingi mliyoleta, nafasi ya watu ilikuwa masalio ya nguzo na lifti. Tazameni jengo la benki ya Commerzbank mjini Frankfurt, Ujerumani, la 1997: lifti na ngazi zilisogezwa pembeni, katikati pakabaki wazi, na bustani zikapanda kwa kuzunguka jengo. Hata anayekaa upande wa ndani anafungua dirisha na kuona miti. Hilo haliwezekani mhandisi akiitwa baada ya msanifu kumaliza. Kuanzia sasa, naomba kila mchoro uletwe na wote wawili.

Kikao kijacho ni cha lifti, maana kamba ya chuma ikikaribia mita 500 uzito wake wenyewe unakuwa tatizo. Mwenye uzoefu wa kazi hiyo amwone katibu mapema.