Barua kuhusu uzi, kengele na marekani

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeniuliza mashine zilibadilishaje maisha ya watu kule Uingereza, na kwa nini kila anayesimulia habari hiyo huanza na pamba. Basi nami naanza na uzi, maana hapo ndipo palipofunguka kila kitu.

Nguo ina nyuzi za namna mbili. Mtande ndio unaowambwa kwa urefu, na mshindio hupita katikati yake kwa upana. Mtande huvutwa na kusuguliwa kutwa nzima, hivyo ukiwa dhaifu hukatika. Mwaka 1733 John Kay alibuni njia ya kukirusha kijiti kinachobeba mshindio, kile chenye umbo la mtumbwi, kwa kuvuta kamba tu badala ya kukipitisha kwa mkono. Wafumaji wakaongeza kasi, uzi ukaadimika. Hata kabla ya hapo mfumaji mmoja alikuwa akila uzi wa wasokotaji wanne au zaidi, wengi wao wanawake waliosokota majumbani mwao baina ya kupika na kulea.

James Hargreaves alijibu haja hiyo katika miaka ya 1760 kwa mashine ya vijiti vinane vya kusokotea uzi, vilivyozungushwa na gurudumu moja. Iliweza kukaa hata katika kibanda, lakini uzi wake ulikuwa laini mno, ukafaa kwa mshindio tu, na mtande ukabaki kuwa wa kitani. Richard Arkwright ndiye aliyevuka hapo mwaka 1769. Alipitisha pamba kati ya jozi za rola, kila jozi ikizunguka kwa kasi kuliko iliyotangulia, pamba ikanyooka na kuwa nyembamba kabla ya kusokotwa kwa nguvu. Siri iko kwenye nafasi kati ya jozi na jozi. Ikiwa fupi kuliko urefu wa unyuzi wa pamba, unyuzi mmoja hushikwa na jozi zote mbili na kukatwa. Ikiwa ndefu mno, nyuzi huelea bila kushikwa na uzi hutoka na manundu hapa, wembamba pale.

Mashine ile ilihitaji nguvu ya maji, na mto hauji nyumbani kwa mtu. Mwaka 1771 Arkwright alianza kujenga kiwanda chake katika kijiji cha Cromford, kando ya maji, na kwangu mimi badiliko kubwa ni hilo, kuliko wingi wa nguo. Msokotaji wa nyumbani aliweza kuacha uzi akamnyonyesha mtoto. Kiwandani, gurudumu la maji lilizungusha shafti, yaani mhimili mrefu, nayo ikavuta mashine zote kwa pamoja, na hakuna aliyeweza kusimama peke yake. Kengele ikatawala alfajiri. Zamu zilikuwa za saa 12, usiku na mchana. Aliyechelewa alikuta lango limefungwa na ujira wa siku umekwenda.

Watoto walichukuliwa kwa sababu ya vidole vyao. Uzi ukikatika, mtoto aliinama akashika ncha mbili na kuzisokota pamoja huku mashine ikiendelea. Wengine walitambaa chini yake kufagia vumbi la pamba kabla sehemu inayokwenda na kurudi haijarudi. Sheria ya 1833 ilikataza watoto chini ya miaka 9 katika viwanda vya nguo, na ikawaweka wakaguzi wanne kwa nchi nzima. Wanne tu! Vumbi lenyewe liliingia vifuani. Ugonjwa huo una alama yake: kifua hubana zaidi siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko.

Ufumaji ulichelewa. Edmund Cartwright alipata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, ya mashine ya kufuma mwaka 1785, lakini ilisumbua: mtande ulipaswa kupakwa uji wa wanga ili usichanike, na kila mara mashine ilisimama kwa kazi hiyo. Kile kijiti cha mshindio kikinaswa katikati ya mtande, mamia ya nyuzi hukatika kwa pigo moja. Kasoro hizo zilipopungua, wafumaji wa mkono walishushwa ujira hadi njaa.

Na pamba ilitoka wapi? Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kutenganisha pamba na mbegu. Ungedhani ingepunguza jasho la watumwa wa Marekani. Kumbe shamba lilipanuka, na waliokuwa takriban 700,000 mwaka 1790 wakakaribia milioni 4 mwaka 1860. Pamba hiyo ilifumwa pia Massachusetts, jimbo la Marekani, na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya huko, wakaileta nguo hiyo Unguja kubadilishana na pembe na sandarusi, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa 1833. Ndiyo nguo ya pamba tunayoiita marekani, iliyotumika bara kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861, vilipozuia pamba, watu wa Lancashire, eneo la viwanda vya pamba Uingereza, walikosa kazi, na huku kwetu nguo za Bombay zikaziba pengo.

Ukipita dukani ukute jora la marekani, chomoa nyuzi mbili, mmoja wa urefu na mmoja wa upana, uzifumue taratibu kwa kucha. Nadhani utauona ule wa urefu umesokotwa zaidi. Niandikie umeona nini.

Wako daima,
Rafiki yako