Uliponiuliza kuhusu mafuriko

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku sote wazima, baba yako anakusalimu. Nimefurahi mno kusikia kwamba usharika wa hapo karibu na chuo wamekupa darasa la watoto wadogo, na kwamba somo lako la kwanza ni Nuhu. Umeniomba nikuelekeze namna ya kulirahisisha. Kwanza nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia.

Mwaka 2011 nilikuwa nafundisha shule ya Jumapili, nawe ulikuwa na miaka mitano, unakaa mkeka wa mbele. Somo la Nuhu nililipenda kwa wepesi wake: twiga katoa shingo dirishani, wanyama wawili wawili, upinde wa mvua. Mtoto mmoja akauliza, wale wengine walienda wapi? Nikajibu harakaharaka: "Walikuwa watu wabaya, hawakumsikiliza Mungu, maji yakawachukua." Mkarudia kwa pamoja. Tukaimba, tukagawana biskuti, tukafunga kwa sala.

Desemba ile mvua ikanyesha Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukafurika, Jangwani watu wakapanda juu ya mapaa kujiokoa. Tulikuwa tunaangalia taarifa ya habari ukaniuliza, "Mama, na hao hawakumsikiliza Mungu?" Nikasema hapana, hao ni watu wazuri tu. "Sasa mbona maji yamewachukua?" Nikakuambia nenda kalale. Wewe ulilala, mimi sikulala.

Tukapeleka nguo na unga kwenye shule walikohifadhiwa waliokimbia maji. Humo nikamkuta mmoja wa watoto wangu wa darasani, ameketi na mama yake juu ya godoro lililokunjwa. Mlikuwa mnakaa naye mkeka mmoja. Akanipa shikamoo yake. Hakuniuliza kitu. Nilitamani aniulize, maana nadhani jibu alikuwa nalo tayari, na aliyempa ni mimi.

Nyumbani nikasoma Mwanzo, sura ya 6 hadi ya 9, polepole kama mtu asiyeijua. Nikakuta dunia imejaa dhuluma, na Mungu aliyehuzunika moyoni. Huzuni ile nilikuwa nimeiruka nikidhani itawalemea watoto. Lakini mtoto wa miaka mitano anaijua huzuni! Kisha nikafungua Luka 13, pale Yesu anapowataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wenzao wote wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe: sivyo. Yanayofuata hapo ni magumu, ni ya toba, na ukija kufundisha wakubwa usiyafiche. Ila lile "sivyo" laiti ningekuwa nalo mdomoni usiku ule.

Kwa hiyo punguza, mama, hakuna atakayekulaumu. Dhiraa 300 za safina achana nazo. Nuhu kulewa baada ya gharika, hilo lina siku yake. Utakachoacha mwaka huu unaweza kukiongeza mwakani. Nakusihi tu, usichomeke maneno yako mwenyewe mahali ulipopunguza, kama nilivyofanya mimi. Mtoto akikuuliza wengine walienda wapi, mwambie walikufa, na Mungu alihuzunika. Akikuuliza kwa nini nawe huna jibu, mwambie hujui, halafu usimfukuze akalale.

Jumapili iliyofuata ikawa Krismasi yenyewe, mmevaa nguo mpya. Kabla ya igizo niliwakusanya pembeni nikawaambia mwalimu alikosea, waliochukuliwa na maji Jangwani hawakuwa wabaya kuliko sisi. Pengine hukumbuki. Yule mwenzenu hakuwepo. Niliambiwa wamehamia kwa ndugu zao mkoani, na sijamwona tena.

Picha ya twiga bado ninayo. Nitaituma kwa basi la Ijumaa, pamoja na penseli za rangi.

Mama yako