Namba zote zilikuwa shufwa

Swahiba wangu,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliipitia kama ripoti: nikawa natafuta namba. Mimi mzima, isipokuwa macho. Umeniuliza kwa nini nimekaa kimya miezi yote hii, tena kazi yangu hasa ni nini, maana mdogo wako anaitaka na wewe ukiulizwa unajibu tu "anatangaza vitu kwenye simu". Majibu yake yanakutana mahali pamoja, basi nianze na kazi; lile lalamiko lako la tangazo la kiti linalokufuata kila unapofungua mtandao nitalijibu mwishoni.

Asubuhi, kabla sijanawa uso, nafungua dashibodi, ule ukurasa unaonionyesha matangazo yanavyokwenda na fedha zinavyotumika. Najua si tabia nzuri. Lakini tangazo halilali, na kosa la saa nne usiku hutafuna fedha za mteja mpaka alfajiri. Siku moja niliongeza sifuri kwenye bajeti ya siku bila kujua. Tangu hapo uso unasubiri. Nikishaona hakuna kilichoungua ndipo nakaa kitako, na sehemu kubwa ya mchana ni kuandika na kufuta.

Kichwa cha tangazo kwenye matokeo ya Google hakiruhusiwi kuzidi herufi 30, na nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Wanaoandika kwa lugha za maneno mafupi wanapumua. Sisi neno moja kama "tutakapokuletea" lina herufi 15. Nusu ya chumba imejaa na hujasema unaleta nini. Nimejifunza kuvipenda vitenzi vya amri: njoo, pima, agiza, linganisha. Maelezo yanayokaa chini ya kichwa yana herufi 90, huko angalau unanyoosha miguu. Halafu mteja anakuja anataka neno "bora" liingie. Kila mteja! Sijui limemwambia nani kitu gani hilo neno.

Wapo pia wanaoamini nafasi ya juu inanunuliwa kama kiti cha mbele. Mtu anapoandika swali lake kwenye injini ya utafutaji, mnada unafanyika papo hapo, na mfumo hautazami dau peke yake. Unatazama kama tangazo linajibu kilichoulizwa na kama ukurasa unaofunguka una maana kwa aliyeuliza. Mwenye dau dogo anaweza kukaa juu ya tajiri. Nimelieleza hili mpaka naweza kulieleza usingizini.

Sasa kimya changu. Nina mteja anayeuza vifaa vya ofisi mtandaoni. Mwezi wa pili wa kampeni, mauzo kwenye dashibodi yakapanda maradufu ndani ya wiki moja. Ijumaa nikaandika ripoti, nikaipamba kwa grafu, nikatamba kwamba ni vile vichwa vipya nilivyoviandika ndivyo vilivyovuta watu. Mteja akajibu kwa furaha kwamba anataka kuongeza bajeti. Jumapili, nikiwa sina shughuli, nikazifungua tena zile namba nizifurahie peke yangu. 8, 6, 14, 10, 4, 12, 8. Nikazitazama weee. Zote shufwa. Nikarudi wiki iliyotangulia: 5, 3, 7, 4, 5, 2, 6. Inakuwaje siku saba nzima zipite bila witiri hata moja?

Fundi wa tovuti yake alikuwa ameuweka upya msimbo wa kuhesabu mauzo kwenye ule ukurasa wa kumshukuru aliyeagiza, wala hakujua kwamba mimi nilikwisha kuuweka kwa njia nyingine. Kila agizo likahesabiwa mara mbili. Daftari la mteja lilikuwa na maagizo 31. Mimi nilimwandikia 62. Vichwa vyangu havikuwa vimevuta mtu yeyote. Ile wiki iliyotangulia ilikuwa na 32!

Fundi simlaumu sana. Kinachoniuma ni kwamba namba ilipopanda sikuuliza kitu. Ingeshuka, ningekesha nikitafuta sababu.

Jumatatu nikampigia mteja. Alinyamaza, kisha akasema, "Na wiki za nyuma je?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Ikabidi nipitie agizo moja moja nikililinganisha na daftari lake, na nikishamaliza nikageukia wateja wengine wote, maana usingizi ulikuwa umenikimbia. Ndizo wiki zilizoila barua yako. Za nyuma zilikuwa sawa. Hakuniacha, ila sasa kila Jumatatu ananitumia daftari kabla mimi sijamtumia ripoti, na salamu zake zimepoa.

Toka siku hiyo nimekuwa mkorofi. Ile hesabu ya watu waliofungua baruapepe za matangazo tunazowatumia nimeifuta kwenye ripoti zangu zote. Sisi tulikuwa tunajua barua imefunguliwa kwa sababu ya kijipicha kisichoonekana tunachokificha ndani yake: kikipakuliwa, tunahesabu. Lakini tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuzipakua picha hizo kabla mwenye barua hajaigusa, kwa ajili ya kulinda faragha yake. Kwa hiyo barua "inasomwa" na mtu anayekoroma. Wateja walinuna, maana ilikuwa namba nono. Mimi siku hizi natazama malalamiko. Tangu Februari 2024 Gmail inawataka wanaotuma barua 5,000 na zaidi kwa siku wahakikishe wanaozitia alama ya taka hawafiki 0.3%, yaani watu 3 katika kila 1,000, na anayetaka kujitoa ajitoe kwa mbofyo mmoja. Mteja akiniletea orodha ya anwani aliyoinunua sijui wapi, namwonyesha hayo masharti, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Kuhusu kile kiti kilichokuandama: duka liliacha kidakuzi, kijifaili cha kumbukumbu, kwenye kivinjari chako, yaani programu unayofungulia tovuti. Ni chombo ambacho Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alikibuni mwaka 1994 ili tovuti iweze kumkumbuka mgeni wake. Kukufuata siku mbili tatu, sawa, ndiyo biashara. Lakini kukufuata wiki tatu na wewe umeshakinunua na umekikalia, huo ni uvivu wa mtu wa kazi kama yangu. Orodha ya walionunua ilitakiwa iondolewe kwenye tangazo. Mtu kasahau, na kuna anayelipia usahaulifu huo.

Mdogo wako asianze na kozi kwanza. Mwambie aniandikie vichwa 15 vya tangazo la kuuza mwavuli, ndiyo idadi ya juu ambayo tangazo moja linapokea, kila kimoja kisizidi herufi 30, na neno "bora" lisionekane popote. Avihesabu kwa mkono. Akifika cha tisa bila kukutukana, mpe namba yangu.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote