Msitupikie Mnachodhani Tunapenda: Barua kwa Kina Mama wa Jumamosi

Wanangu,

Marahaba kwa shikamoo zenu zote. Nimesikia mnataka mapishi yenu ya Jumamosi pale Buguruni yawe ya wazi, majirani waalikwe, kila mmoja apike cha kwao: mama wa Bukavu, mama wa Bujumbura, wa Addis Ababa, na yule binti wa Ngazija, kisiwa cha Komoro. Ni jambo jema na nitakuja. Lakini mimi nimepika kwenye shughuli za Ilala na Magomeni tangu nikiwa msichana wa kumenya vitunguu, nina neno, na bora niliseme kabla hamjanunua mkaa.

Mara ya mwisho nilipoketi kwenu, injera, ule mkate mwembamba wa Kihabeshi, ililetwa laini, haina uchachu hata wa kusingizia. Mama wa Addis Ababa mwenyewe akanieleza kwa furaha kwamba amekoroga unga asubuhi ile ile akatia hamira, kwa sababu ameambiwa watu wa Dar hawapendi kitu kichachu. Mchuzi wa kuku nao kaupunguzia berbere, ule mchanganyiko wao wa pilipili na viungo. Wageni wakasifu. Mimi nikala nikamaliza, chakula hakikataliwi, lakini nilichokula ni chapati ya maji na rosti la kuku. Hivyo tunavyo nyumbani.

Nilipombana akanisimulia ya kwao. Unga wa tefu, ile nafaka iliyo ndogo kuliko ulezi, unakorogwa na maji ukaachwa siku mbili tatu uchache mpaka utoe mapovu. Unamwagwa kwa kuzungushwa juu ya kikaango kipana kilichoshika moto, unafunikwa, injera inaivia upande mmoja tu bila kugeuzwa. Vile vitundu vya juu ndivyo vinavyonyonya mchuzi, na ule uchachu ndio unaotuliza pilipili na mafuta. Kitunguu cha kuku kinakaangwa kwanza pole pole bila mafuta yoyote, kingi mpaka unadhani mtu kakosea, hadi kiyeyuke. Nilisikiliza nikajiuliza: sasa haya yote tumenyimwa kwa kosa gani?

Sikiliza, mwanangu. Umesema tefu hapa mjini ni ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo unachanganya na unga wa mtama. Hapo sina ugomvi nawe. Kitu kikikosekana mpishi anatafuta mbadala, ndio upishi wenyewe, na wewe uwaambie watu kwamba umechanganya. Ninachokikataa ni kubadilisha chakula ili kutufurahisha sisi. Koroga Alhamisi. Kwa joto hili la Dar kitachacha mapema kuliko kwenu, kwa hiyo kiangalie.

Watu wa Dar msiwaogope. Wanapenda kujifanya wana midomo migumu, na huku meza yao nzima imetoka safarini. Chapati imekuja na Wahindi. Mahindi ya ugali na mihogo asili yake ni bara la Amerika, yalifika pwani hii enzi za Wareno, na karanga, nyanya na pilipili kwao ni huko huko. Waliotuletea pilau hawakuiondolea binzari nyembamba eti Mswahili hajaizoea. Waliipika kama kwao, na leo Idi bila pilau watu wananuna.

Mama wa Bukavu, wewe una aya yako. Nimeambiwa unataka kutia nazi kwenye sombe, kisamvu cha kwenu, badala ya mawese, kwa kuwa jirani mmoja alisema mawese yananuka. Kisamvu cha nazi nitapika mimi. Wewe pika sombe, na mawese yako, na samaki wako wa chumvi ndani yake, sufuria zetu mbili zikae jirani watu wapakue kotekote. Mawese hapa si kitu kigeni, yanatoka Kigoma, na Wamanyema na Waha waliojaa mji huu wakiyasikia harufu watakuja bila kualikwa. Anayeziba pua kwa ajili ya makayabu, huyo samaki wa chumvi, muulizeni kwao hawapiki ng'onda wala papa mkavu. Atanyamaza.

Halafu twanga mbele za watu. Wasichana wetu siku hizi wananunua kisamvu kilichokwisha kusagwa kwa mashine, hawajui kwamba majani ya mihogo mabichi yana sumu, na kwamba kule kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu si mapambo, ndiko kunakoiondoa. Kwa hiyo wageni wafike saa mbili asubuhi, wasije saa saba mchana kusubiri sahani. Mtu akishika mchi robo saa tu, akionja atakuwa na adabu.

Binti wa Ngazija, mataba yako na kisamvu chetu ni ndugu, ni majani yale yale na nazi ile ile. Ndiyo maana wewe utakosolewa kuliko wote. Chakula kigeni kabisa watu wanakionja kwa woga. Kinachofanana na cha kwao wanakifanyia ujuaji. Utaulizwa mbona hukuweka karanga. Jibu ni "kwetu ndivyo," na uendelee kukoroga.

Vipimo vitaulizwa, na najua hamna, hata mimi sina. Wekeni msichana mmoja karibu na jiko mwenye kikombe na daftari. Kabla kiganja cha chumvi hakijafika sufuriani, kimwagwe kwenye kikombe, apime, aandike, ndipo kiingie. Inachosha, mtamfukuza mara mbili, lakini mrudisheni.

Semeni kilichomo kwenye kila sufuria, bila kungoja kuulizwa. Watu wengi hapa ni Waislamu, wanataka kujua nyama imechinjwa na nani, kama kuna pombe au mafuta ya nguruwe. Wengine karanga zinawavimbisha midomo. Aliyefichwa mara moja harudi, na atasema mtaa mzima.

Habari ya kuuza sahani, ambayo najua baadhi yenu mmeanza kuihesabia, tutaizungumza siku yake. Kuna vibali, kuna kupima afya, na kuna kugombana. Kwanza tuleni.

Nitaleta kinu, mbuzi ya kukunia nazi na masinia mawili. Mchi mama wa Bukavu aje na wake, wangu umepasuka. Na wewe mama wa Bujumbura hujaniambia utapika nini. Kama ni maharage na ndizi, nijulishe kabla ya Ijumaa, nipitie soko la Mabibo nikuchagulie ndizi mwenyewe, kwa sababu nyie wageni pale mnauziwa bei ya ajabu.

Bibi yenu,
Mpishi wa shughuli, Ilala