YAH: SAHANI YA MAMA YANGU ILIYOONDOLEWA MEZANI ALEXANDRIA

Kwa Meneja wa kampuni ya safari,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi, kwa hiyo nimekaa siku tatu ndipo nikashika kalamu. Masharti yenu mnayajua, sitawasomea. Ratiba yenu imeandika chakula cha jioni kimelipiwa. Risiti mnayo.

Mgahawa wenyewe sina ugomvi nao. Samaki wamelazwa juu ya barafu mlangoni, unachagua, wanapimwa kwa kilo, unasema upikiwe vipi. Mama ni mtu wa Tanga. Alifunua mashavu ya samaki watatu kabla ya kuridhika na mkizi, wenyewe wanamwita buri. Akaomba apasuliwe, achomwe na nyanya na vitunguu, wanavyoita singari. Samaki akaletwa na wali wa sayadia, ule wa kahawia.

Mama ameshafungua ubavu mmoja, tonge liko mkononi, mhudumu akaja na mwongozaji wenu. Wakasemezana Kiarabu. Mhudumu akanyoosha mkono, akaiondoa sahani.

Narudia, maana kijana wenu wa simu alinikatiza hapa hapa. Mama yangu, miaka 71, alinyang'anywa sahani anakula. Tonge likabaki mkononi, hajui alile au alirudishe. Meza ya jirani wakageuka, hata watoto. Na mwongozaji wenu, amesimama, akasema kwa sauti ya mnadani: "Kampuni yenu haijatuma pesa." Kampuni YENU, kana kwamba yeye ametumwa na nani?

Nikalipa. Chakula pauni 1,300 za Kimisri, juu yake asilimia 12 ya huduma, juu ya hiyo asilimia 14 ya kodi: pauni 1,660. Sahani ikarudi, mkizi amepoa. Mama akasema, "Sina njaa, mwanangu." Tangu asubuhi alikuwa na chai tu, kwa sababu basi lenu lilichelewa kutoka Cairo saa mbili nzima, ndiyo maana Maktaba ya Alexandria tulikuta imefungwa, na ngome ya Qaitbay, iliyojengwa pale ulipokuwa mnara wa taa wa kale, tuliipigia picha dirishani. Hayo ningeyameza.

Nilipoanza barua hii nilitaka pauni zangu 1,660 tu. Sasa nataka gharama ya siku nzima ya Alexandria, ya watu wawili. Pia barua ya kumwomba mama radhi, kwa jina lake, iliyotiwa saini na Meneja mwenyewe. Si ujumbe wa simu, na si ile ya "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza". Usumbufu haukujitokeza, uliletwa na mtu mnayemlipa mshahara.

Mna siku 14. Zikipita, risiti zote mbili, yenu na ya mgahawa, nitazipeleka mwenyewe Tume ya Ushindani, na nakala Wizara ya Maliasili na Utalii wanakowapa leseni. Kikundi cha kina mama wa msikitini kwetu, watu 22, walikuwa wanawauliza bei ya safari ya Desemba. Wameshaisoma barua hii kabla yenu.

Mteja wenu,
Tanga